Kabla hujawachinjia mbuzi, walipe tarehe uliyosema

Msomaji mmoja mwenye mgahawa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia kwa uchungu. Ana wafanyakazi wanane. Sabasaba aliwachinjia mbuzi, akawatengenezea fulana zenye jina la mgahawa, picha zikapigwa, wakacheka. Kabla Agosti haijaisha wahudumu wawili wakaondoka bila kuaga, na mmoja yuko mgahawa wa jirani kwa mshahara uleule. Anauliza: “Hawa watu uwape nini ndiyo waridhike?” Halafu chini kabisa ya ujumbe, kama jambo la kupita, ametaja kwamba mshahara wa Juni aliutoa tarehe 9 Julai, maana pesa ilibanwa na kodi ya fremu pamoja na ile sherehe.

Jibu lake liko kwenye mstari huo wa mwisho. Mhudumu aliyepewa nyama tarehe 7 huku mwenye nyumba anamgongea mlango tangu tarehe 1 hakuona zawadi pale. Aliona mshahara wake unageuzwa juu ya mkaa.

Mwenye biashara asiye na pesa nyingi ashike jambo moja: zawadi inayofanya kazi ni ile ambayo mfanyakazi anaweza kuihesabu mwenyewe kabla bosi hajaihesabu. Anajua anaipata kwa kufanya nini, ni shilingi ngapi, na inaingia lini. Mbuzi hayumo humo, na fulana ndiyo kabisa. Nitaeleza kwa mgahawa wa watu wanane kwa kuwa ndio ulioulizwa; mwenye saluni, gereji au duka la vifaa vya ujenzi atabadilisha majina ya vitu, hesabu itabaki ileile.

Toa kwanza visivyo zawadi

Wenye biashara ndogo wengi tuna tabia ya kutoa haki kwa sura ya hisani, kisha tunashangaa mbona hatushukuriwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili. Saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya 5%. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yenye malipo. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 20% ya mshahara, na unachoruhusiwa kumkata mfanyakazi ni nusu yake tu, yaani 10%. Ukimwambia mtu “nimekuzawadia wiki mbili za kupumzika” ilhali anadai siku 28, hujampa kitu. Umemkumbusha deni.

Vivyo hivyo mkataba wa maandishi, karatasi ya malipo inayoonyesha kilichokatwa, sare, aproni, na gharama ya kupima afya kwa wanaoshika chakula. Hivi vipo kabla ya mazungumzo ya motisha kuanza. Kama havipo, chukua ile pesa ya fulana uanzie hapo. Na kima cha chini cha mshahara cha sekta yako ukiangalie kwenye amri inayotumika leo, usiende na ya miaka mitatu nyuma uliyosikia kwa jirani.

Tarehe ya mshahara ndiyo motisha ya kwanza na haina gharama ya ziada hata senti, kwa sababu pesa ile utaitoa tu. Namna ya kuilinda: fungua akaunti au laini ya pili ya simu ambayo haipokei kitu kingine. Kila jioni ya kazi hamishia humo fungu la siku. Kama mishahara yote ni 2,400,000 na mnafanya kazi siku 26, fungu la siku ni kama 92,300. Lihamishe kabla ya kununua nyama ya kesho, si baada. Siku mauzo yakiwa mabaya na ukashindwa kufikisha, andika pengo na lijaze ndani ya wiki hiyohiyo. Anayesubiri tarehe 28 ndipo aanze kutafuta milioni mbili na laki nne atakuwa anatafuta kila mwezi, mpaka azoeleke kwa hilo.

Kama itatokea kweli kwamba utachelewa, sema siku tano kabla, taja tarehe mpya, na utoe nusu ya mshahara tarehe ya kawaida. Nusu ya mshahara mtu akalipa kodi ya chumba, na atakusubiri. Bosi anayenyamaza na kuzima simu amefanya jambo baya kuliko kuchelewa kwenyewe.

Faini hazimtengenezi mtu

Hapa tuambizane ukweli. Migahawa mingi ina karatasi ukutani: kuchelewa 2,000, kuvunja glasi 3,000, mteja kuondoka bila kulipa ni bili ya mhudumu. Mwenye mgahawa anadhani anafundisha nidhamu. Kisheria, kumkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara kuna masharti: hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, apewe maelezo na nafasi ya kujitetea, ajulishwe kiasi kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Karatasi ya ukutani haitimizi hata moja.

Na hata ukiiacha sheria pembeni, faini ina ugonjwa wake. Uchunguzi uliofanywa katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wazazi walipoanza kutozwa faini ya kuchelewa kuwachukua watoto, ucheleweshaji uliongezeka, na faini ilipoondolewa haukurudi ulivyokuwa. Waliona wanalipia, basi wana haki ya kuchelewa. Mhudumu wako naye akishajua kuchelewa ni 2,000, siku ana shida yake asubuhi atafanya hesabu ya 2,000, hatawaza kwamba mwenzake yuko peke yake na meza sita.

Ukitaka watu wawahi, bandika ratiba ya zamu wiki mbili mbele na usiibadilishe kienyeji. Anayetoka Chanika akijua Alhamisi ya wiki ijayo yuko zamu ya asubuhi, atapanga nani anampeleka mtoto shule. Anayeambiwa saa nne usiku kwamba kesho aje saa kumi na mbili, atachelewa. Ruhusu kubadilishana zamu kwa sharti moja: wote wawili waandike kwenye daftari kabla ya siku yenyewe. Hii haikugharimu chochote, na kwa mwanamke mwenye watoto inazidi nyongeza ya shilingi elfu kumi.

Laki moja na ishirini ikae wapi

Tuseme mishahara ni hiyo 2,400,000 kwa watu wanane: mpishi, msaidizi wa mpishi na mchomaji jikoni, wahudumu watatu, mwosha vyombo, na mtu wa kaunta. Asilimia tano ya mishahara ni 120,000 kwa mwezi. Hiyo inatosha, mradi isigawanywe 15,000 kwa kila kichwa. Ukiigawa sawa kila mwezi, mwezi wa nne imeshakuwa sehemu ya mshahara, na mwezi utakaoshindwa kuitoa utaonekana umewakata.

Igawe kwa kipimo. Kaunta 15,000. Wahudumu 10,000 kila mmoja, jumla 30,000. Mwosha vyombo 10,000. Mlo mzuri wa wote kila Ijumaa, ambao ukihesabu malighafi peke yake unaongeza kama 1,500 kwa mtu juu ya chakula cha kawaida, ni 48,000 kwa Ijumaa nne. Hapo umefika 103,000. Zinabaki 17,000 za papo kwa papo, nitazirudia. Jikoni hawamo kwa sababu wao watajilipa kwa mafuta watakayookoa.

Anza na kaunta, maana ndiko ugomvi uliko. Kipimo: mwisho wa siku fedha taslimu pamoja na malipo ya simu ya Lipa Namba zilinganishwe na mauzo yaliyoandikwa. Tofauti isizidi 2,000. Siku 24 kati ya 26 zikiwa ndani ya mpaka huo, 15,000 inaingia. Sasa angalia mahali ambapo wengi wanakosea: wanahesabu upungufu peke yake. Mtu wa kaunta akishajua kupungua kunamnyima posho, atajitengenezea akiba. Ataanza kuwabania wateja chenji ya mia mia, mia mbili mbili, aiweke chini ya droo kwa ajili ya siku mbaya. Kwa hiyo ziada nayo ihesabiwe kosa, sawasawa na upungufu. Ikizidi 2,000, siku hiyo imeharibika. Halafu pesa ihesabiwe na wawili, yeye na anayepokea zamu, wote watie sahihi. Droo inayoshikwa na watu watatu kwa siku moja bila makabidhiano haiwezi kupimwa, na usimtolee mtu posho wala lawama kwa droo ya namna hiyo.

Wahudumu pimia oda zilizokosewa. Nunua kile kitabu cha oda chenye nakala: karatasi ya juu inaenda jikoni, ya chini inabaki kitabuni. Sahani ikirudi, karatasi yake inachomekwa kwenye msumari ulioko kati ya jikoni na ukumbi, ikiwa na neno moja: mhudumu, jiko, au mteja. Mhudumu ndiye aliyeandika wali badala ya ugali. Jiko ndilo lililotoa samaki mbichi ndani. Mteja ndiye aliyebadilisha mawazo. Usipotenganisha hayo matatu, wahudumu na jikoni watagombana kufikia wiki ya pili, na hapo mfumo umekufa. Mpaka wa kuanzia uweke kwa kuhesabu wiki nne kimya kimya bila ahadi yoyote. Ikiwa wastani ulikuwa sahani tisa kwa mhudumu kwa mwezi, sema sita. Usiseme sifuri. Mpaka wa sifuri ukivunjwa tarehe 3, mtu hana sababu ya kujitahidi mpaka tarehe 30.

Mwosha vyombo ni vyombo. Hesabu glasi, sahani na vijiko Jumapili usiku, wewe mwenyewe au mtu wa kaunta. Usimuulize amevunja vingapi, kwa sababu vipande vitaanza kutupwa kwenye pipa la maganda ya viazi vikiwa vimefungwa gazeti, na atakayejikata ni mzoa taka.

Mafuta ya jikoni

Hapa ndipo penye pesa ambayo leo inamwagika. Mgahawa unaokaanga chipsi, samaki na maandazi unatumia mafuta kwa mazoea: yakionekana yamepungua, yanaongezwa. Hakuna anayejua kiasi. Chukua kaunta buku, na kwa wiki nne andika vitu viwili tu: lita zilizotoka stoo na sahani zilizouzwa ambazo zina kitu cha kukaangwa. Lita zipimwe kwa jagi lenye alama. “Robo ndoo” haiandikwi, maana robo ndoo ya mpishi na robo ndoo ya msaidizi hazilingani.

Mfano: zimeuzwa sahani 2,600 na zimetumika lita 104. Hiyo ni lita 4 kwa kila sahani 100, na hicho ndicho kipimo cha mwanzo. Kiandike ukutani jikoni. Tumia uwiano huo, usitumie ndoo kwa mwezi, kwa sababu mwezi wa mauzo makubwa ndoo zitaongezeka na jiko litaonekana limepoteza wakati limefanya kazi zaidi.

Mwezi unaofuata sahani ni 2,600 tena, mafuta yametumika lita 88.4, yaani lita 3.4 kwa sahani 100. Zimeokolewa lita 15.6. Kwa bei ya mfano ya 6,000 kwa lita, hizo ni 93,600. Toa theluthi moja, 31,200, igawe kwa watatu wa jikoni: 10,400 kila mmoja. Wewe umebaki na 62,400 ambazo mwezi uliopita zilimwagikia sakafuni. Bei ya lita ifunge tarehe 1 ya mwezi, iandikwe, isibadilike katikati hata kama dukani imepanda. Vinginevyo hesabu ya mpishi na yako hazitakutana.

Akiba inatoka wapi? Viazi vikikatwa na kuachwa na maji hunyonya joto, mafuta huchemka na kurukia nje. Vikaushwe kwa kitambaa. Karai likijazwa kupita kiasi mafuta hupoa na chipsi hunyonya. Kukaanga kidogo kidogo kunatumia mafuta machache. Makombo meusi yasipochujwa kila baada ya zamu huunguza mafuta mapema. Chujio la waya na kitambaa safi vinatosha. Na karai lifunikwe likiwa limepoa, siyo kuachwa wazi usiku kucha.

Halafu tatizo. Kila kipimo kina mlango wa nyuma, na wa hiki ni mafuta kutumika mpaka yawe meusi kama ya gereji. Mpishi anaokoa lita, mteja anapata kiungulia, na wewe unapoteza meza. Kwa hiyo weka sharti la kulinda: mafuta yakianza kutoa povu lisilotulia, kufuka moshi kwa moto uleule wa kawaida, au kunata kama uji, yanamwagwa, na lita hizo zinaandikwa kando. Zisiingie kwenye hesabu ya posho. Maana yake mpishi hapotezi chochote kwa kuyamwaga. Na sahani zilizorudi kwa neno “jiko” zikizidi mpaka mliokubaliana, akiba ya mwezi huo hailipwi. Bila masharti haya mawili usianze kabisa.

Mpango huohuo unaenda kwa gesi na mkaa. Usiweke vitatu kwa pamoja lakini. Mtu anayefuatilia vipimo vinne hafuatilii hata kimoja.

Bakshishi inayomezwa na Lipa Namba

Zamani mteja aliacha mia tano mezani na mhudumu akaiona. Siku hizi bili ni 18,000, mteja anatuma 20,000 kwa Lipa Namba, anasema “iliyobaki ya kwako dada,” na anaondoka. Ile 2,000 imeingia kwenye namba ya biashara. Mhudumu anajua, mteja anajua, na kama bosi hana utaratibu, imeishia hapo. Hakuna kitu kinachowauma wahudumu kama hiki, na wengi hawatakuambia.

Weka daftari dogo kaunta. Mhudumu anaandika saa, meza, kiasi kilichozidi, na tarakimu nne za mwisho za kumbukumbu ya muamala. Mtu wa kaunta analinganisha na ujumbe wa simu, anatia alama. Jumamosi jioni jumla inatolewa yote, bila kupunguzwa. Ada ya kutoa pesa ibebe biashara.

Kugawana: pointi 3 kwa mhudumu, 2 kwa kila wa jikoni, 2 kwa mwosha vyombo, 1 kwa kaunta. Wahudumu watatu ni pointi 9, jikoni 6, mwosha vyombo 2, kaunta 1, jumla 18. Bakshishi ya wiki ikiwa 36,000, pointi moja ni 2,000: mhudumu 6,000, wa jikoni 4,000, mwosha vyombo 4,000, kaunta 2,000. Aliyekosa siku mbili kati ya sita, pointi zake zipungue kwa theluthi kabla ya kugawa. Wahudumu watalalamika kwamba wao ndio walioacha tabasamu mezani. Waulize sahani ilitoka wapi na nani aliiosha, kisha mpige kura. Mkikubaliana 4 kwa 2 badala ya 3 kwa 2, sawa. Mwenye mgahawa na ndugu zake wanaosaidia siku mojamoja hawana pointi.

Siku ya kulipa

Usichanganye posho na mshahara. Ikiingia pamoja tarehe 30 inamezwa na kodi, deni la duka na mchezo wa kupeana, na jioni yake mtu hakumbuki alipata kitu. Funga hesabu tarehe 1, ilipe tarehe 15, wakati mifuko imekauka. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Posho ya 10,000 inayofika bila ya kutolea si 10,000, na atakayeitoa kwa wakala ndiye atakayekumbuka hilo. Karatasi ya hesabu ibandikwe stoo siku moja kabla: kipimo, matokeo, shilingi. Kila mtu aione ya idara yake na apinge kama kuna kosa. Akipinga kwa haki, rekebisha mbele ya wote.

Posho ya fedha ni kipato, kwa hiyo iingie kwenye karatasi ya malipo. Kodi ya mshahara Tanzania Bara haianzi mpaka kipato kinachotozwa kivuke 270,000 kwa mwezi, na kutoka hapo hadi 520,000 ni 8% ya kinachozidi. Kwa wengi katika mgahawa wa namna hii kodi ya posho itakuwa sifuri au shilingi mia chache, lakini mpishi wa 400,000 atakatwa. Mwambie mapema. Ukimwahidi 10,400 ikafika pungufu bila maelezo, umemfundisha kutokukuamini kwa pesa ndogo sana.

Zile 17,000 za papo kwa papo ni za tendo lisilo na kipimo: aliyebaki saa moja kumsaidia mwenzake mgonjwa, aliyemrudishia mteja simu. Elfu tatu, elfu nne, zamu hiyohiyo, ukitaja tendo lenyewe: “Umeona bomba linavuja ukafunga maji kabla stoo haijajaa.” Maneno “mko vizuri sana timu” hayamhusu mtu yeyote. Sifa toa mbele ya wenzake, mbali na wateja. Kasoro sema mkiwa wawili.

Ile picha ya mfanyakazi bora wa mwezi iondoe ukutani. Kati ya wanane, saba wanashindwa kila mwezi. Bosi mwenye huruma huanza kuizungusha kwa zamu ili kila mtu apate, na wakishagundua ni zamu, wanacheka. Mpaka ambao wote wanane wanaweza kuutimiza mwezi mmoja ni bora kuliko kiti kimoja cha mshindi.

Vya bei ndogo ambavyo watu huvisahau

Wafunga mgahawa wa saa nne na nusu usiku wapewe usafiri. Bajaji moja ya watatu wanaoelekea upande mmoja ni nafuu kuliko kumtafuta na kumfundisha mhudumu mpya, na dereva awe mmoja anayejulikana.

Chakula cha wafanyakazi kiangalie kwa macho yao. Wanaobeba pilau na kuku kutwa nzima halafu wanakula ugali na maharage yaleyale siku sita, wataonja jikoni kwa siri. Ndiyo maana nimeweka Ijumaa: wale anachokula mteja, wakiwa wamekaa, saa tisa alasiri wakati ukumbi umetulia.

Nguvu yako ya kununua kwa jumla wape nayo. Unaponunua mchele gunia la kilo 100, uliza nani anataka kilo kumi kwa bei uliyonunulia. Iwe hiari, alipe mwenyewe au akubali kwa maandishi kukatwa. Usiigeuze duka.

Sikukuu: wape wote kitu cha thamani moja, kila mtu achague Idd au Krismasi. Sukari, mchele na mafuta vikifika wiki moja kabla vinasaidia. Vikifika mkesha, mtu ameshakopa.

Mkopo mdogo usio na riba unazidi zawadi nyingi, hasa Januari, mwezi dume, sare na madaftari yanaponunuliwa. Watu wako wanaangukia kwenye mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, kwa shida ya laki moja tu. Tenga 300,000 zinazozunguka. Masharti: kisichozidi theluthi ya mshahara, marejesho miezi mitatu, maandishi yenye sahihi, wasizidi wakopaji watatu kwa wakati mmoja, na hakuna mkopo mpya juu ya wa zamani. Orodha ya wanaosubiri ifuatwe. Siku utakapomrusha foleni mpwa wako, mfuko umekufa. Mchezo wao wa kupeana waachie wenyewe, na usikubali kuwa kijumbe. Bosi akishika pesa za mchezo, kila ugomvi wa mchezo unakuwa ugomvi wa kazi.

Na mpishi aliyejifunzia jikoni bila chuo? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na upishi na uhudumu wa chakula vimo. Nenda kaulize ada ya kituo cha karibu, mlipie anayefikisha mwaka wa pili kwako. Najua utasema akipata cheti ataondoka. Baadhi wataondoka. Lakini anayeondoka akiwa na cheti ulichomlipia huwa anakuletea mtu wa kumrithi, na yule aliyebaki bila cheti kwa sababu ulimficha, atabaki akijua hivyo.

Miezi mitatu

Kwa msomaji wa Tabata: usitangaze haya yote Jumatatu. Mwezi wa kwanza lipa mshahara tarehe uliyosema na uhesabu vipimo bila kuahidi kitu. Mwezi wa pili anza kaunta na mafuta tu, na urudishe bakshishi. Wa tatu ongeza wahudumu na vyombo. Andika kwenye karatasi moja kwamba ni majaribio mpaka tarehe fulani, na kwamba siku hiyo mtakaa kuangalia kipi kiendelee. Wote wanane watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Katika kikao hicho utaulizwa kwa nini mpaka usipandishwe, au kwa nini jiko linapata zaidi ya ukumbi. Njoo na kaunta buku. Mpaka ukiwa umetimizwa na wote miezi miwili mfululizo, usiukaze mara moja; watakuwa wamejifunza kwamba bidii inaadhibiwa. Uache miezi sita. Kama mauzo yameshuka na 120,000 haipo, taja kipimo kipi kinasimama na mpaka lini, kabla mwezi haujaanza. Kilichokwisha kufanyiwa kazi kinalipwa hata kwa kukopa. Na wale wahudumu wawili walioondoka, kama unawadai fulana, waachie.